Skanki madoa wa tambarare: spishi iliyofutwa kisha ikarudi

Katikati ya Marekani, kuanzia Minnesota hadi Texas, yuko mnyama mdogo mweusi mwenye michirizi meupe iliyokatikakatika mgongoni na ubavuni. Kwa kawaida hafikishi hata kilo moja. Akisumbuliwa hupiga miguu ya mbele ardhini kwa kishindo. Asiposikilizwa husimama juu ya miguu hiyo ya mbele, ya nyuma ikiwa hewani na mkia umetawanyika, na anayeendelea kumsogelea baada ya hapo amejitakia kunyunyiziwa uvundo. Huyu ni skanki madoa wa tambarare. Mwaka 1906 alihesabiwa kuwa spishi kamili, Spilogale interrupta. Mwaka 1959 alishushwa akawa nususpishi, yaani tawi tu ndani ya spishi, ya skanki madoa wa mashariki, Spilogale putorius. Mwaka 2021 akapandishwa tena. Katikati ya tarehe hizo, karibu atoweke kabisa kwenye mashamba ambayo babu zake walikuwa wakionekana kila siku.

Nakichambua kisa hiki kwa sababu kinaonyesha jinsi ramani ya wanyama inavyochorwa, inavyofutwa, na nani hulipa gharama ya mstari uliopita mahali pasipo pake.

Kwanza tumweke mnyama huyu kwenye ukoo wake. Msomaji wa Afrika Mashariki anayemjua kicheche, yule mweusi mwenye michirizi meupe anayetoa uvundo, atadhani hawa ni ndugu wa damu. Wataalamu nao walidhani karibu hivyo kwa muda mrefu: skanki wote waliwekwa kwenye familia ya Mustelidae pamoja na vicheche, nyegere na fisi maji. Mwaka 1997 Jerry Dragoo na Rodney Honeycutt walitumia DNA kuonyesha kwamba skanki wanastahili familia yao wenyewe, Mephitidae, na kwamba jamaa zao wa karibu ni wale melesi wanuka wa visiwa vya kusini-mashariki mwa Asia. Kicheche wetu alibaki Mustelidae. Rangi ile ya onyo na silaha ile ya uvundo zilizuka mara mbili, katika mabara mawili, kwenye koo mbili tofauti. Tukumbuke hilo, maana rangi ya manyoya itatudanganya tena mbele ya safari.

Ndani ya Mephitidae, skanki madoa wana jenasi yao (kundi la spishi zilizo karibu kiukoo), Spilogale, iliyopewa jina na John Edward Gray mwaka 1865. Hayo yanayoitwa madoa kwa kweli ni mistari iliyovunjikavunjika. Skanki mwenye milia, yule mkubwa ambaye dunia nzima inamjua kutokana na katuni, ni jenasi nyingine. Hawa wa madoa ni wadogo zaidi, wepesi zaidi, na hupanda miti bila shida.

Jina la kwanza lilitolewa na Linnaeus, mwasisi wa mfumo wa majina ya kisayansi ya viumbe, mwaka 1758. Yeye mwenyewe hakuwahi kufika Amerika. Alitegemea maelezo na mchoro wa Mark Catesby kutoka Carolina, akamwita Viverra putorius, yaani akamtupa kwenye kapu moja na fungo. Mwaka 1820 Constantine Rafinesque, mtu aliyekuwa na haraka ya kuyapa majina mambo yote aliyoyaona na mengine ambayo hakuyaona vizuri, akatoa jina interrupta, likimaanisha ile mistari iliyokatizwa. Mwaka 1890 Clinton Hart Merriam akaongeza majina kadhaa kwa mkupuo, yakiwemo mawili yatakayotuhusu: gracilis kutoka Grand Canyon huko Arizona, na leucoparia kutoka Mason, Texas. Oldfield Thomas wa London alileta pygmaea, kibeti wa pwani ya Pasifiki ya Mexico, mwaka 1898. Arthur Howell naye alimwongeza angustifrons wa Mexico mwaka 1902, na miaka minne baadaye akapanga jenasi nzima upya katika orodha ndefu ya spishi. Interrupta alikuwamo, akisimama kwa miguu yake.

Orodha ya Howell ilikuwa zao la zama zake. Mtafiti alipokea fuvu na ngozi kutoka bonde fulani, akapima, akaona tofauti ya milimita au ya upana wa mstari mweupe, akatoa jina. Wakati mwingine alikuwa na vielelezo viwili au vitatu tu mkononi. Kwa hiyo aliyekuja baadaye kufuta majina hayo alikuwa na sababu nzuri, na napenda kumtetea kabla sijamkosoa.

Huyo alikuwa Richard Van Gelder wa jumba la makumbusho ya historia ya asili la New York. Mwaka 1959 alichapisha uchambuzi mkubwa wa jenasi hii. Alikusanya vielelezo vingi kuliko yeyote aliyemtangulia, akapima mafuvu, akafuatilia mistari ya manyoya kutoka jimbo hadi jimbo, na akaona kwamba karibu kila mahali alipotarajia mpaka mkali palikuwa na mteremko wa taratibu: wa magharibi wana weupe mwingi, wa tambarare wana weupe kidogo na mkia karibu mweusi wote, na katikati yao kuna walio kati kwa kati. Kwa dhana iliyotawala siku zile, spishi ni kundi la wanyama wanaoweza kuzaana, na mteremko wa sura ulichukuliwa kuwa ushahidi wa kuzaana. Hitimisho lake lilikuwa fupi: spishi ni mbili tu. Kibeti wa Mexico ana yake. Wengine wote, kutoka British Columbia hadi Florida hadi Costa Rica, ni putorius.

Ukisoma hoja hiyo kwa macho ya 1959, imekaa vizuri. Ina kasoro moja iliyokuwa ngumu kuonekana wakati ule. Mteremko wa rangi unaweza kutokea hata pale ambapo koo mbili zisizozaana zinaishi kwenye hali ya hewa inayobadilika taratibu, au pale ambapo zilichanganyika zamani kisha zikaachana. Ngozi iliyokaushwa na kuwekwa kwenye droo hueleza mnyama alifananaje siku aliyokufa. Haielezi alipandana mwezi gani.

Na mwezi ndio uliovunja hoja hiyo.

Miaka michache tu baada ya Van Gelder, Rodney Mead alianza kuchunguza viungo vya uzazi vya skanki madoa, akilinganisha wa magharibi na wa mashariki. Matokeo yake ya 1968 ni miongoni mwa mambo ya kushangaza sana katika elimu ya mamalia wa Amerika, na nashangaa zaidi kwamba hayazungumzwi inavyostahili. Jike wa magharibi hupandwa Septemba au mapema Oktoba. Mbegu hutungwa, kiinitete huanza kugawanyika, kinafikia hatua ya kijifuko chenye seli chache, halafu kinasimama. Hakijipachiki kwenye ukuta wa mji wa mimba. Kinaelea humo msimu wote wa baridi, zaidi ya miezi sita, bila kukua kwa maana yoyote. Majira ya kuchipua yakifika, siku zikirefuka, homoni za mama hubadilika, kiinitete hujipachika, na kama mwezi mmoja baadaye watoto huzaliwa. Ukihesabu kutoka kupandwa hadi kuzaa unapata siku 210 hadi 230 hivi.

Jike wa mashariki, akiwemo huyu wetu wa tambarare, hupandwa Machi au Aprili na kuzaa mwishoni mwa Mei au Juni. Siku 50 hadi 65, basi.

Hapa kuna jambo linaloeleza kwa nini tofauti hii ilijificha kwa muda mrefu. Wote wawili huzaa karibu majira yaleyale, kati ya Aprili na Juni. Mkulima wa Iowa na mfugaji wa Oregon wakiona vitoto chini ya ghala mwezi Juni hawana cha kubishania. Tofauti iko upande wa pili wa kalenda, kule ambako hakuna mtu anayeangalia. Ni lazima uwe na majike waliokufa kila mwezi wa mwaka, uwafungue, na ujue unachokitafuta. Mead alijua.

Ushahidi wa aina hii una uzito kuliko upana wa mstari mweupe, kwa sababu unagusa kizuizi chenyewe. Jike wa magharibi yuko tayari Septemba. Jike wa mashariki ameshalea na kuachisha watoto wake na hana haja ya dume hadi mwaka ujao. Hata mwezi ukigongana kwa bahati, mwili wa mtoto chotara ungerithi maagizo yapi: subiri miezi sita, au endelea? Kwa vipimo vya Van Gelder mwenyewe, yaani kuzaana, hawa si spishi moja.

Karibu wakati huohuo zilikuja kromosomu, zile nyuzi zinazobeba DNA ndani ya seli. Wa magharibi wana 60, wa mashariki 64. Peke yake tofauti hiyo si hukumu, kwa kuwa kuna mamalia wanaovumilia tofauti za namna hiyo na bado wanazaana. Ikiungana na kalenda, inakuwa vigumu kuipuuza.

Hata hivyo orodha rasmi zilichelewa. Baadhi ya wataalamu walianza kumtenga gracilis mapema, wengine wakaendelea na hesabu ya 1959 kwa miongo. Orodha kuu ya mamalia wa dunia ya mwaka 2005 ndiyo iliyoweka spishi nne: gracilis wa magharibi, putorius wa mashariki, angustifrons wa kusini, na pygmaea kibeti. Skanki wa tambarare, kwa kuwa hana uchelewaji wa kiinitete, alibaki chini ya putorius. Ushahidi uliomwokoa gracilis haukumsaidia yeye. Kwa upande wa uzazi alifanana na wa Florida na wa milima ya Appalachia, hivyo hakuna aliyeona sababu ya kumgusa.

Nadhani hapa ndipo kisa hiki kinapowachanganya watu. Wengi hudhani kwamba kalenda ya uzazi ndiyo kipimo cha spishi katika jenasi hii: wenye kuchelewesha huku, wasiochelewesha kule, kazi imekwisha. Kalenda ilituonyesha ufa mmoja mkubwa tu. Haikusema kwamba hakuna nyufa nyingine ndani ya kila upande.

Nyufa hizo zilianza kuonekana pale DNA ilipopatikana kwa wingi wa kutosha. Mwaka 2018 kundi la watafiti waliohusiana na Chuo Kikuu cha Angelo State huko Texas lilichapisha uchunguzi wa wa mashariki, wakimlenga hasa yule wa tambarare. Walikuta nususpishi tatu za putorius, yaani wa tambarare, wa rasi ya Florida, na wa kusini-mashariki na Appalachia, zinajitenga kinasaba kama zilivyotengwa zamani kwa sura. Hilo lilikuwa la kustaajabisha kidogo, kwani nususpishi nyingi za karne ya 19 huyeyuka zikipimwa kwa DNA. Hizi hazikuyeyuka.

Kazi kubwa ikafuata mwaka 2021. Molly McDonough, Adam Ferguson, Robert Dowler, Matthew Gompper na Jesús Maldonado walichukua vielelezo karibu 200 kutoka sehemu zote anapoishi skanki madoa, ikiwemo Amerika ya Kati ambayo haikuwa imeguswa kabla. Vingi vilikuwa ngozi na mifupa ya makumbusho, baadhi vya zamani sana. Vingine ni vya wanyama waliogongwa na magari. Ferguson alipokuwa akitafuta vielelezo huko Texas alisambaza mabango ya "Anatafutwa", yenye picha ya skanki, kwa wafugaji na wategaji. Mnyama wa usiku, mdogo, asiyependa watu, hutafutwa hivyohivyo.

Walisoma vipande maelfu vya DNA ya kiini cha seli pamoja na DNA yote ya mitokondria, vile viungo vidogo vya seli vilivyo nje ya kiini na vyenye DNA yao. Picha waliyoipata ina ngazi tatu za wakati. Kibeti wa pwani ya Pasifiki aliachana na wengine wote miaka milioni 5 hivi iliyopita, mwanzoni mwa Pliosini. Wengine wakagawanyika mashariki na magharibi kama miaka milioni 1.5 iliyopita, na ufa huo ndio Mead aliouona kwenye mji wa mimba. Halafu kila upande ukagawanyika tena, takriban miaka 660,000 na 350,000 iliyopita, pande zote mbili kwa nyakati zinazokaribiana.

Kwa nini pande mbili zigawanyike kwa pamoja? Barafu. Zama za Pleistosini zilikuwa za kupanda na kushuka: barafu ikishuka kusini, misitu na vichaka vikisukumwa, makundi ya skanki yakibanwa kwenye maficho yaliyotenganishwa, barafu ikirudi nyuma, makundi yakitanuka na wakati mwingine kukutana tena. Wanyama wa pande zote mbili walipigwa na wimbi lilelile. Chanzo cha utofauti huu wote, kwa uchambuzi wao, ni eneo la kaskazini-mashariki mwa Mexico na kusini-magharibi mwa Marekani, na ukitazama ramani utaona kwamba Texas imekaa mlangoni kabisa.

Jumla wakapata spishi saba. Gracilis alibaki magharibi, kutoka kusini-magharibi mwa British Columbia kushuka hadi Mexico. Leucoparia, yule wa Merriam kutoka Mason, alitenganishwa naye: ni wa Texas ya kati na magharibi pamoja na kaskazini mwa Mexico, na ndiye mwenye weupe mwingi kuliko wote. Putorius akabakizwa mashariki ya mto Mississippi, kutoka Appalachia hadi Florida. Interrupta akapewa tena tambarare. Angustifrons, yucatanensis wa rasi ya Yucatán aliyeelezwa kwa mara ya kwanza na Burt mwaka 1938, na pygmaea wakakamilisha orodha.

Angalia majina hayo. Hakuna hata moja jipya. Yote yalikuwa yameshatolewa kabla ya 1940 na watu waliokuwa na rula na macho tu. Howell, Merriam na wenzao walikosea kwa wingi, lakini kwenye hawa saba walikuwa wameona kitu cha kweli. Sisemi hivyo ili kuwarudishia heshima wagawaji wa spishi wa zamani. Majina yao mengi mengine yamekufa na hayatafufuka. Nasema tu kwamba jina lililofutwa si sawa na jina lililothibitishwa kuwa la uongo.

Kuna jambo katika matokeo yale ambalo mchambuzi mwaminifu hawezi kuliruka. Spishi walizotangaza ni saba, ila nasaba za mitokondria walizozipata ni nane. Ya nane iko kwenye jangwa la Sonora na haikupewa jina la spishi. Aidha, kwenye maeneo matatu ambako koo ziliwahi kukutana tena, mitokondria inasema jambo moja na DNA ya kiini inasema jingine. Je, hilo halibomoi jengo zima?

Halibomoi, na sababu ni namna mitokondria inavyorithiwa. Kama ukoo kwa Wayao na Wamakua, hufuata upande wa mama peke yake. Jike mmoja wa kundi A akizaa na madume wa kundi B, na binti zake na wajukuu zake wakaendelea kuzaa na kundi B, baada ya vizazi vingi kila kitu ndani yao ni B isipokuwa mitokondria, ambayo bado ni A. DNA ya kiini, inayotoka kwa wazazi wote wawili na kuchanganywa kila kizazi, ndiyo inayobeba historia ya kundi zima. Watafiti waliegemea hiyo pale ushahidi ulipogongana, na mimi ningefanya vivyo hivyo. Lakini mgongano wenyewe unathibitisha kwamba wanyama hawa walishachanganyika baada ya kuachana. Yule anayetaka spishi ziwe visanduku vilivyofungwa kwa kufuli hatafurahi. Na pengine baadhi ya wale "walio kati kwa kati" aliowaona Van Gelder kwenye droo zake walikuwa mabaki ya michanganyiko hiyo, hakuota ndoto.

Sasa turudi kwenye mashamba.

Mwishoni mwa miaka ya 1930 na mwanzoni mwa 1940, Wilfred Crabb aliwachunguza skanki madoa wa tambarare kusini-mashariki mwa Iowa. Alichokieleza, kwenye chapisho la 1948, ni mnyama wa shamba kabisa. Alilala chini ya maghala, ndani ya marundo ya nyasi kavu, kwenye vihenge vya mahindi. Wakati wa baridi alikula panya na kuokota mahindi. Kiangazi alijaza tumbo kwa wadudu. Inaonekana mashamba madogo ya mchanganyiko yalimsaidia hata kupanda kaskazini zaidi ya alikokuwa mwanzo, mwanzoni mwa karne ya 20. Ngozi yake iliuzwa kwa maelfu kila msimu.

Kisha akaanguka. Matthew Gompper na Mark Hackett walikusanya rekodi za ngozi kutoka majimbo mbalimbali na kuzichapisha mwaka 2005: anguko lilianza miaka ya 1940, likatokea karibu eneo lote, na kufikia mwisho wa karne mavuno yalikuwa yamepungua kwa zaidi ya asilimia 99. Mtu anaweza kusema ngozi hupungua soko likianguka. Ni kweli, na wao walilijua hilo wakalipima. Bei na juhudi za wategaji hazielezi anguko la kina na la pamoja kiasi hicho.

Sababu? Zinatajwa nyingi: trekta na shamba kubwa la zao moja lililofagia marundo ya nyasi, vihenge na nyua za vichaka, sumu za wadudu, utegaji wenyewe, magonjwa ya virusi. Ya kwanza inapendwa kwa sababu inaingia akilini, na nadhani ina sehemu yake. Sumu za wadudu nina shaka nazo kama chanzo, maana matumizi makubwa ya DDT mashambani yalikuja baada ya vita vya pili vya dunia, wakati anguko lilikuwa limeshaanza. Ugonjwa ungeeleza vizuri kasi na upana wa anguko, ila ugonjwa hauachi mabaki kwenye rekodi za ngozi. Walipobaki, wanaonekana kuhitaji kificho kinene. Huko milima ya Ouachita, Arkansas, Damon Lesmeister na wenzake waliwavisha redio za shingoni wakakuta wanapendelea misitu michanga yenye vichaka vilivyosongamana, na kwamba muuaji wao mkuu alikuwa ndege mwindaji, hasa yule bundi mkubwa mwenye pembe za manyoya. Skanki hunuka, na bundi hajali. Kwa hiyo uwanda uliofagiwa ni hukumu ya kifo, hata kama chakula kipo.

Mwaka 2011 shirika la wanyamapori la serikali kuu ya Marekani lilipokea ombi la kumweka skanki wa tambarare chini ya sheria ya spishi zilizo hatarini. Mwishoni mwa 2012 likajibu kwamba ombi lina uzito wa kutosha kuchunguzwa kwa kina. Wakati huo jina lililokuwa kwenye karatasi ni Spilogale putorius interrupta, nususpishi.

Je, jina lina tofauti gani kisheria? Kwa juu juu, hakuna: sheria ile ya 1973 inalinda spishi, nususpishi, na hata kundi mahususi la wanyama wenye uti wa mgongo. Lakini taratibu za kupanga vipaumbele zilizowekwa mwaka 1983 huangalia uzito wa tishio, ukaribu wake, kisha hadhi ya kimajina: jenasi yenye spishi moja hutangulia, spishi hufuata, nususpishi huja nyuma. Kwenye foleni ndefu, nafasi hiyo ni kitu.

Kuna athari nyingine isiyoandikwa kwenye sheria yoyote, na naiona kubwa zaidi. Ukimhesabu interrupta pamoja na putorius, unachanganya tambarare zilizofagiwa na Florida. Kwenye kisiwa kimoja chembamba cha pwani ya Atlantiki ya Florida kuliwahi kupimwa msongamano mkubwa mno wa skanki madoa, hadi 40 kwa kilomita moja ya mraba. Wastani wa spishi yenye sehemu kama hiyo utaonekana afadhali. Orodha nyekundu ya kimataifa ya spishi zilizo hatarini ilimweka putorius, kwa maana ile pana, kwenye daraja la walio hatarini kiasi. Daraja hilo lilikuwa jibu kwa swali lililounganisha wanyama wawili waliokuwa na hali tofauti. Wakitenganishwa, skanki wa Appalachia na Florida anahitaji hesabu mpya, na wa tambarare yake, na hakuna sababu ya kutarajia majibu yafanane.

Inapaswa kusemwa pia kwamba mgawanyo haukuzi eneo la mnyama hata ekari moja. Wapo wanaolaumu wanajenetiki kwa kupandisha nususpishi ili kupata fedha za uhifadhi. Katika baadhi ya visa lawama hiyo ina msingi. Katika hiki, ushahidi wa DNA ya kiini, wa sura na wa mahali wanapoishi unaelekea upande mmoja, na jina interrupta lilitolewa karibu miaka 200 kabla ya mtu yeyote kufikiria kuomba ruzuku.

Mahali ambapo mtihani wa kweli unafanyika ni Texas. Interrupta anaingia kutoka kaskazini na mashariki, na amekutwa hadi kwenye mabaki ya nyika ya Katy Prairie nje kidogo ya Houston, jirani kabisa na mji wa mamilioni. Leucoparia anaingia kutoka magharibi na kusini. Ukimkuta skanki madoa amegongwa barabarani katikati ya jimbo hilo, mkia karibu mweusi wote utakuelekeza kwa interrupta na mistari mipana meupe kwa leucoparia, lakini Van Gelder alishatuonyesha jinsi alama hizo zinavyoteleza. Anayeokota kielelezo pale anahitaji mambo matatu: kipande cha sikio kwa ajili ya DNA, tarehe sahihi, na, kama ni jike, mji wa mimba uliohifadhiwa. Jike aliyekufa Desemba akiwa na viinitete vinavyoelea ni wa upande wa magharibi, hata mkia wake ukisema vingine.